Utando Unaohisi Kidole, na Kwa Nini Haufai Kupimia Sukari

Pakiti ya sukari ya nusu kilo, meza ya plastiki, na kihisio chembamba kama kadi ya vocha. Hivyo ndivyo nilivyoanza Jumamosi moja asubuhi, nikiamini kwamba kufika adhuhuri nitakuwa na mzani wangu wa kidijitali. Niliilaza pakiti juu ya kihisio nikasoma namba kwenye skrini: 310. Nikainyanyua, nikailaza tena: 95. Nikakata kipande cha kifutio cha penseli, nikakiweka juu ya kihisio, kisha nikaisimamisha pakiti juu ya kifutio huku nimeibana kwa vikombe viwili isianguke. Namba ikaruka hadi 860. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi baada ya dakika kumi hivi, pakiti haijaguswa, namba ilikuwa 874. Kwa hesabu nitakayoieleza huko mbele, sukari ilikuwa imeongezeka zaidi ya gramu 50 bila mtu kumimina kitu. Nawajua wenye maduka ambao wangeununua mzani huo papo hapo.

Kihisio hakikuwa kibovu. Nilikuwa nimekitaka kipime, nacho kazi yake ni kuhisi. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyonigharimu siku nzima, na ndiyo inayowapoteza wengi wanaonunua vihisio hivi vya kani kwa bei ndogo wakidhani wamepata mzani mwembamba.

Kwanza jina. Mafundi wengi wanasema "sensa", lakini tangu kuhesabiwa kwa mwaka 2022 ukitamka neno hilo mtu anakuuliza kama karani ameshafika kwenu. Nitabaki na kihisio. Na "kani" ni ile nguvu ya kusukuma, kuvuta au kukandamiza, inayopimwa kwa nyutoni. Mayai mawili ya kuku wa kienyeji yakikaa kiganjani yanakukandamiza kwa karibu nyutoni 1. Nusu kilo ya sukari inakandamiza kwa nyutoni 4.9.

Kilichomo ndani

Nimewahi kukipasua kimoja kwa wembe, kile nilichokiunguza (nitafika huko). Mfano unaouzwa sana ni wa duara, upana wake milimita 18 na kidogo, na sehemu yenyewe ya kuhisi katikati ina kipenyo cha milimita 12.7. Unene wake haufiki nusu milimita. Ndani kuna karatasi mbili za poliesta, ile plastiki ngumu inayoonyesha. Ya chini imechapwa mistari ya fedha yenye umbo la vitana viwili vinavyotazamana, meno ya kimoja yamepita katikati ya meno ya mwenzake bila kugusana. Ya juu imepakwa wino mweusi wenye kaboni. Baina yao, pembeni kuzunguka duara, kuna pete ya gundi inayoziacha karatasi hizo zikiwa na pengo la hewa.

Usipobonyeza, wino haugusi vitana. Ukipima ukinzani, yaani kiasi njia inavyouzuia umeme kupita, kwa kizio cha omu, kati ya waya mbili unapata zaidi ya omu milioni 10, yaani kwa matumizi ya kawaida ni kama waya iliyokatika. Ukibonyeza, karatasi ya juu inabonyea, wino unagusa meno ya vitana, na mkondo unapata daraja la kupita kutoka kitana kimoja kwenda cha pili. Kidole chepesi kinaushusha ukinzani hadi makumi elfu ya omu. Ukikandamiza kwa nguvu ya mkono mzima, unashuka hadi mamia.

Kuna aina ya pili ambayo wino umepakwa kwenye karatasi zote mbili na kila moja ina waya yake, hivyo mkondo unapita kutoka juu kwenda chini moja kwa moja. Aina hiyo huwa nyembamba zaidi, karibu milimita 0.2, na tabia yake imenyooka kidogo kuliko ya kwanza. Ukoo ni uleule.

Swali la maana ni kwa nini ukinzani ushuke taratibu badala ya kuwa swichi tu, ama imewaka ama imezima. Jibu liko kwenye sura ya wino. Kwa macho unaonekana laini. Ukiukuza, ni kama msasa. Chukua karatasi mbili za msasa, zikutanishe uso kwa uso: zinagusana kwenye vilele vichache tu, na sehemu kubwa ya katikati ni hewa. Mwanafizikia Philip Bowden wa Cambridge alizoea kulinganisha kugusana kwa vitu viwili vigumu na kuipindua Uswisi juu chini kisha kuiweka juu ya Austria. Sisi tungesema kuupindua Usambara juu ya Uluguru. Milima itakutana hapa na pale, mabonde yatabaki wazi.

Ukiongeza kani, vilele vilivyogusana vinabonyezwa na kupanuka, na vingine vilivyokuwa bado vinafika. Kila mguso mpya ni njia mpya ya mkondo. Mwaka 1966 Greenwood na Williamson walionyesha kwa hesabu kwamba nyuso zenye mikwaruzo ya kawaida zikikandamizwa, eneo linalogusana kwelikweli huongezeka karibu sawasawa na kani. Maradufu ya kani, karibu maradufu ya mguso. Shika hilo, kwa sababu linatuambia kitu kinachofuata kani kwa mstari ulionyooka ni kipi: ni upitishaji, yaani moja gawanya kwa ukinzani. Ukinzani wenyewe hauongezeki wala kupungua kwa mstari, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa.

Ndani ya wino nako kuna mambo. Wino ni plastiki isiyopitisha umeme iliyochanganywa na chembe za kaboni zinazopitisha. Fikiria kashata: sukari iliyoganda haipitishi, karanga zinapitisha. Karanga zikiwa chache, kila moja iko kisiwani kwake. Zikizidi kiwango fulani, zinaanza kugusana hadi njia inapatikana kutoka upande mmoja wa kashata hadi wa pili. Mtengeneza wino huchagua kiasi cha kaboni kilicho karibu na kiwango hicho kulingana na kihisio anachotaka. Ila kwenye vihisio hivi vya kawaida kazi kubwa inafanyika kwenye nyuso zinazogusana, kuliko ndani ya wino.

Edison na banda la kuku

Kaboni kuhisi mkandamizo ni jambo la zamani kuliko redio. Vinasa sauti vya simu za mezani vilikuwa na kaboni ndani tangu mwishoni mwa miaka ya 1870: sauti inasukuma kiwambo, kiwambo kinaikandamiza kaboni, ukinzani unapanda na kushuka kwa kuifuata sauti. Wale waliozikuta simu hizo zikiwa na punje za kaboni wanakumbuka kwamba mkono wa simu ukianza kumeza maneno, ulikuwa unaugonga kiganjani mara mbili tatu, sauti inarudi. Hiyo haikuwa ushirikina. Punje zilikuwa zimeshikamana, na kuzigonga kunazipanga upya. Kumbuka tabia hiyo ya kushikamana, tutakutana nayo tena.

Thomas Edison, aliyeshiriki kukiboresha kinasa sauti hicho, aliona kama kaboni inahisi mguso mdogo kiasi hicho, basi inaweza kuhisi hata joto. Akatengeneza chombo alichokiita tasimeta: kijiti cha mpira mgumu kinapashwa joto, kinarefuka kwa kiasi kisichoonekana, kinakandamiza kidonge cha kaboni, na sindano ya galvanometa, kipimo cha mkondo mdogo wa umeme, inasogea. Julai 1878 alikipeleka Rawlins, Wyoming, kulipima joto la korona ya jua, lile taji la mwanga linaloonekana pembeni ya jua wakati wa kupatwa. Upepo ulikuwa mkali, akaishia kukitega kwenye banda la kuku. Alihangaika kuituliza sindano karibu muda wote wa kupatwa, na alipofanikiwa, korona ilipoingia, sindano ikaruka na kutoka nje ya kipimo. Alikuwa amehisi joto. Ni kiasi gani, hakuna aliyeweza kusema, na chombo hakikufika mbali.

Ningeweza kuishia hapo na kusema sukari yangu ilikuwa banda langu la kuku. Lakini kuna mambo ambayo Edison hakuwa nayo na sisi tunayo.

Kutoka omu hadi namba

Kompyuta ndogo kama Arduino haijui kusoma omu, inajua volteji. Kwa hiyo kihisio kinaungwa mfululizo na rezista ya kawaida, kijipande chenye ukinzani usiobadilika, tuseme wa omu 10,000. Mguu mmoja wa kihisio unakwenda kwenye volti 5, mguu wa chini wa rezista unakwenda "ardhini", yaani upande wa volti sifuri, na pale vinapokutana unachomoa waya wa kusomea. Viwili hivyo vinagawana volti 5 kwa uwiano wa ukinzani wao. Kihisio kikiwa hakijabonyezwa kinachukua karibu zote, na waya wako unasoma sifuri. Kikibonyezwa sana, kinaziachia, na unasoma karibu na 5.

Hebu tuweke namba za takriban za kihisio hicho cha duara. Kwa nyutoni 0.2, uzito wa gramu 20, ukinzani ni kama omu 30,000 na waya unasoma volti 1.25. Kwa nyutoni 1, omu 6,000, volti 3.1. Kwa nyutoni 10, omu 1,000, volti 4.5. Kwa nyutoni 100, omu 250, volti 4.9.

Angalia kilichotokea. Kutoka gramu 20 hadi gramu 100 volteji imepanda karibu volti 2. Kutoka kilo 1 hadi kilo 10, imepanda chini ya volti 0.4. Nafasi karibu yote ya kupimia imeliwa na mguso mwepesi, na uzito wa maana umebanwa kwenye ncha. Ndiyo maana mtu anayechora grafu ya volteji dhidi ya uzito anapata mlima unaopanda ghafla kisha kulala, halafu anaanza kutafuta fomula ndefu za kuunyoosha.

Dawa ni kurudi kwenye upitishaji. Arduino ya kawaida inaigawa volti 5 katika hatua kuanzia 0 hadi 1023. Ukisoma namba n, ukinzani wa kihisio ni 10,000 mara (1023 toa n), gawanya kwa n. Ukisoma 639, unapata omu 6,009. Gawanya 1 kwa hiyo, unapata upitishaji wa maikrosimensi 166 (hicho ni kizio cha upitishaji, sehemu moja ya milioni ya simensi). Tukifanya hivyo kwa namba zetu nne, upitishaji unakuwa takriban 33, 167, 1,000 na 4,000. Ugawe kwa nyutoni: 167 kwa kila nyutoni, 167 tena, kisha 100, kisha 40. Mwanzoni mstari umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mbele unalegea, kwa sababu vilele vingi vimeshagusana na kinachobaki kuuzuia mkondo ni wino na mistari yenyewe, ambavyo havijali tena unabonyeza kiasi gani.

Sasa unaweza kuikagua sukari yangu. Namba 860 ni upitishaji wa maikrosimensi 528, na 874 ni 587. Tofauti ni asilimia 11. Kwenye skrini zilionekana hatua 14 tu, kitu cha kupuuza. Kwenye kani, ni zaidi ya gramu 50 kwa kila nusu kilo.

Jambo dogo lenye faida: kwa kuwa Arduino inatumia volti zilezile 5 kama kipimo chake cha kulinganishia, umeme wa pawabenki ukishuka kidogo, vyote viwili vinashuka pamoja na n haibadiliki. Rezista nayo ichague kwa kazi yako. Ukitaka kufanya kazi kati ya nyutoni 1 na 10, weka ya omu 3,000: volteji itatembea kutoka 1.67 hadi 3.75, katikati ya uwanja kabisa. Ya omu 10,000 waachie wanaotaka kuhisi kidole.

Uongo wa aina nne

Wa kwanza ndio ulioniangusha asubuhi ile. Kihisio hakijui uzito wa pakiti, kinajua kilichogusa ile duara ya milimita 12.7. Pakiti ya sukari ni laini, imelala juu ya meza, na kihisio hakina unene wa kuinyanyua. Sehemu kubwa ya uzito ilibebwa na meza. Kilichobaki kilitegemea mkunjo wa pakiti ulivyoangukia: mara 310, mara 95. Hata kani ileile ikikusanywa kwenye ncha ya kalamu inatoa namba tofauti na ikisambazwa duara zima, kwa sababu vilele vinavyofikiwa ni tofauti. Kipande cha kifutio ndicho kilichoituliza namba, maana kiliukusanya uzito mahali pamoja. Ila vikombe viwili vilivyoishikilia pakiti vilichukua sehemu yao pia, bila shaka.

Wa pili ni muda. Plastiki ikikandamizwa inaendelea kujilegeza polepole na vilele vinaendelea kuzama. Watengenezaji huandika kuteleza kwa namba kwa chini ya asilimia 5 kwa kila mara kumi ya muda, na maneno hayo yanahitaji kutafunwa. Yana maana kwamba badiliko kutoka sekunde ya 1 hadi ya 10 linalingana na la kutoka sekunde ya 10 hadi ya 100, na la kutoka 100 hadi 1,000. Haraka mwanzoni, halafu pole, na haliishi. Siku nzima ina sekunde 86,400, karibu kumi iliyozidishwa kwa kumi hadi kumi ziwe tano, kwa hiyo kitu ulichokiacha juu ya kihisio toka jana kinaweza kukudanganya kwa robo hivi. Mtu anayetaka kujua mtungi wa gesi umebaki na kiasi gani asiweke utando huu chini yake. Wengi wamejaribu.

Wa tatu ni kwamba njia ya kurudi si ile ya kwendea. Weka nusu kilo, soma. Ongeza hadi kilo moja, kisha punguza hadi nusu tena. Namba ya pili inakuwa juu kuliko ya kwanza, kama asilimia 10, kwa sababu baadhi ya vilele vilivyoshikana havijaachana bado. Ndiyo zile punje za simu zilizohitaji kugongwa kiganjani. Wanafizikia huita histeresisi. Mimi naiona kama mtu aliyeazima: kukopa ni mara moja, kurudisha ana visingizio.

Wa nne ni ndugu mapacha wasiofanana. Kihisio kimoja kikirudiwa hali ileile kinajirudia ndani ya asilimia 2 hivi. Lakini viwili kutoka mfuko mmoja vinaweza kupishana kwa asilimia 6 kila upande. Ukishahesabu namba zako kwa kimoja, usizihamishie kwa kingine. Joto nalo lina lake: kwa ile aina nyembamba, kampuni ya Tekscan ya Marekani inayoitengeneza hutaja kama asilimia 0.36 kwa kila digrii, kwa hiyo kutoka chumba chenye kiyoyozi cha digrii 22 hadi ubarazani kwenye 32 umeshapoteza karibu asilimia 4.

Watengenezaji hawayafichi haya. Kampuni ya Interlink Electronics, iliyoanzishwa California mwaka 1985 na kuvieneza vihisio vya aina ya vitana, inaandika kwenye miongozo yake kwamba kihisio hiki si lodiseli, yaani kile kihisio cha ndani ya mizani za kidijitali, na hakifai kwa vipimo vya usahihi. Tatizo ni kwamba muuzaji hakupi mwongozo, anakupa kihisio kwenye kimfuko cha nailoni.

Jinsi ya kukitendea haki

Niliporudia kazi ile siku nyingine, nilianza na kandambili iliyochakaa. Nilikata kiduara cha milimita 11 kwenye soli yake, kidogo kuliko eneo la kuhisi, nikakibandika juu ya kihisio katikati kabisa. Chini ya kihisio niliweka kigae tambarare, kwa kuwa meza ya plastiki inabonyea. Juu ya kiduara niliweka kipande cha mbao chenye reli mbili za kukizuia kisilale upande, reli zisikishike. Sasa kila uzito, hata uwe na sura gani, ulifika kwenye kihisio kwa mlango mmoja.

Kwa mawe ya mzani nilitumia maji. Mililita 100 za maji ni gramu 100, na chupa tupu unaitoa kwenye hesabu. Kabla ya kupima chochote, nilikikandamiza kihisio mara tano kwa uzito mkubwa kuliko nitakaoutumia ili vilele vizoee. Kisha nikapima kwa kupanda tu: 200, 400, 600, 800, na kila mara nikasoma kwenye sekunde ya 10, si ya 3 wala ya 30. Nikachora upitishaji dhidi ya gramu, na nukta zikakaa kwenye mstari ambao sioni aibu kumwonyesha mtu. Sukari ilisoma gramu 480. Nilipoirudia jioni, 525.

Ule nilioahidi kuusimulia ni mkia. Kihisio kina mkia wa plastiki wenye miguu miwili, na mkono wa fundi unakimbilia chuma cha kulehemu. Poliesta haivumilii. Nilikigusa sekunde mbili, mstari wa fedha ukajikunja na plastiki ikayeyuka. Tumia kiunganishi cha kubana, au kile cha skrubu. Usiukunje mkia karibu na duara, na usizibe kwa gundi mwanya mdogo wa hewa unaopita ndani yake. Hewa ikikosa pa kutokea, unabonyeza puto.

Na ukitaka mzani wa kweli, nunua lodiseli. Kile ni kipande cha chuma chenye vipimo vya mnyumbuko vilivyogandishwa juu yake, ufundi uliozaliwa mwaka 1938 pale Edward Simmons na Arthur Ruge walipoufikia kila mmoja kivyake. Chuma kikipinda kwa kiasi kisichoonekana, ukinzani unabadilika kidogo mno, sehemu chache za elfu. Ni badiliko dogo, lakini linajirudia vilevile kila mara, kwa sababu chuma kinarudi kilikotoka na hakuna nyuso zinazogusana na kuachana. Mizani za kidijitali za dukani zina hicho ndani.

Mahali ambapo kuhisi kunatosha

Usidhani basi utando huu ni wa kuchezea. Ukikaa kiti cha abiria cha mbele kwenye baadhi ya magari na taa ya mkanda ikaanza kulia, chini ya kitambaa kuna mkeka wa vihisio vya namna hii. Kampuni ya IEE ya Luxembourg, iliyoanza mwaka 1989, imejijengea jina kwa kazi hiyo. Gari halitaki kujua una kilo 62 au 66. Linataka kujua kama kuna mtu. Ndiyo maana ukiweka kikapu cha viazi kutoka sokoni, linakulilia uvifunge mkanda viazi, na dereva mwenye hasira anauchomeka mkanda ukiwa mtupu. Fundi wa viti anayebadilisha kitambaa bila kuuliza anaweza kuukata mkeka huo, na hapo taa inaanza maisha mapya.

Daktari wa meno anautumia kwa ustadi zaidi. Tekscan ilianza Boston mwaka 1987 na karatasi ya kung'ata, yenye unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Mistari ya karatasi moja inakwenda upande mmoja, ya pili inakatiza, kama ukili kwenye mkeka, na kila makutano ni kihisio. Safu 32 kwa safu 32 zinakupa nukta 1,024 kwa waya 64 tu. Mgonjwa anang'ata, na skrini inaonyesha ni jino lipi lililogusa kwanza na ni upande upi uliobeba asilimia ngapi ya mng'ato. Nyutoni halisi hazina kazi pale. Makosa ya muda na ya joto yanazipata nukta zote pamoja, hivyo ukilinganisha nukta kwa nukta yanakufa kwenye hesabu. Mpango huohuo ukiuweka ndani ya kiatu cha mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za nyayo, unaona mahali ambapo mguu unaumia bila mwenyewe kujua, kabla kidonda hakijatoka.

Aliyeupatia hati miliki utando wa aina ya vitana, Franklin Eventoff wa Marekani, mwaka 1982, hakuwa anawaza viti wala meno. Alikuwa anatafuta ala ya muziki ya kielektroniki inayoelewa namna unavyoigusa. Na kwenye muziki kasoro zote nne zinapotea: pigo linakwisha kabla namba haijaanza kuteleza, kihisio chenyewe kinaitika ndani ya sehemu tatu za milioni za sekunde, na sikio la msikilizaji halitofautishi pigo la nyutoni 10 na la 11.

Cha kwangu kimeishia huko. Mwanangu alikichomoa kwenye kigae pamoja na kiduara chake cha kandambili, akakibandika chini ya mfuniko wa ndoo, akaunga spika. Akigusa kwa ncha ya kidole, ngoma inanong'ona. Akipiga kwa kiganja, jirani anagonga ukuta.